Chakula cha Baba Wakati wa Masika: Maswali ya Wasomaji wa Malindi

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu vyakula ambavyo baba zao walivipika nyumbani, na tukasema wazi kwamba hatutaki habari za biriani la harusi wala pilau la Idi. Barua zilizotufikia, nyingi zikiwa za Malindi na vijiji vya jirani, zimejaa sadini za mkebe, tambi za chumvi, mayai, mkate wa boflo na samaki aliyechemshwa kwa ndimu tu. Kinachozishangaza nafsi zetu hapa ofisini ni kwamba karibu kila mwandishi anataja mvua. Nadhani hilo lina sababu. Katika mji unaoishi kwa bahari na kwa wageni, miezi ya Aprili hadi Juni ndiyo miezi ambayo upepo wa kusi huchafua bahari na kuwazuia wenye vyombo vidogo, na ndiyo miezi ambayo mahoteli mengi hufunga milango au hupunguza wafanyakazi. Mvuvi na mfanyakazi wa hoteli, ambao miezi mingine watoto wao huwaona usiku tu, walikuwa wakikaa nyumbani kwa wakati mmoja, na wakati huohuo mfuko ulikuwa mwepesi na samaki alikuwa haba sokoni. Chakula cha baba, kwa wengi wetu, kilikuwa chakula cha msimu huo, na majibu yangu mengi yanatoka hapo.

Tambi za chumvi

Mhariri, salamu alaikum. Marehemu baba alikuwa msaidizi wa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi katika miaka ya 1980. Hoteli ilipofungwa kwa ajili ya masika, mama aliendelea na biashara yake sokoni na baba ndiye aliyebaki nasi. Alitupikia tambi kwa nyanya na sadini. Bibi mzaa baba, aliyekuwa akiishi nasi, hakukubali hata kuzionja, kwa kuwa kwake yeye tambi ni za sukari na iliki, tena za asubuhi ya Idi. Nimejaribu kuzipika upya kwa kufuata maelekezo ya Kiitaliano, yaani maji mengi ya chumvi, kuchuja, kisha mchuzi juu yake. Wanangu wanazipenda, lakini si zile. Za baba zilikuwa fupi, nyekundu hadi ndani, na chini ya sufuria palikuwa na ukoko tuliougombania. Tofauti iko wapi?
Binti wa Shela, Malindi

Wa alaikumu salamu, dada yangu. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe, pale ulipotaja ukoko. Tambi zilizochemshwa katika maji mengi na kuchujwa haziwezi kuacha ukoko wa namna hiyo, kwa sababu sehemu ya wanga wake imekwenda na maji uliyoyamwaga, na kilichobaki sufuriani hakikai motoni muda wa kutosha kushika chini. Ukoko unaonyesha kwamba tambi za baba yako ziliiva ndani ya mchuzi wenyewe, maji yakipungua kidogokidogo hadi yakaisha, vile vile wali unavyopikwa. Ufupi wake nao unaonyesha kwamba alizivunja kabla ya kuzipika. Sasa fikiri ni chakula gani katika nyumba zetu hupikwa kwa tambi zilizovunjwa na kuachwa zinywe maji yote: ni zile tambi za Idi, ambazo hukaangwa kwa mafuta hadi ziwe za rangi ya kahawia, ndipo zikatiwa maji au tui, sukari, iliki na zabibu. Marehemu alichukua vitu vya hotelini akavipika kwa njia aliyoiona kwa mama yake tangu utotoni, na bibi aliyekataa kuonja alikuwa akikataa mapishi yake mwenyewe yaliyotiwa chumvi.

Ninaamini ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Malindi. Waitaliano walianza kufahamika kwetu katika miaka ya 1960 kupitia kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambacho kilirusha setilaiti yake ya kwanza kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967, na ambacho tarehe 12 Desemba 1970 kilirusha setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Baadaye yakaja mahoteli na nyumba zao za kupumzikia, na vijana wetu wakaingia katika majiko yao kuosha vyombo, kukata vitunguu, na wachache kupika. Waliyoyaona huko waliyajua vizuri. Lakini jiko la hotelini lina sufuria kubwa, chujio, mafuta ya zeituni na moto mwingi, ilhali nyumbani palikuwa na jiko moja la mafuta ya taa, sufuria moja ya maana, na maji yaliyonunuliwa kwa mkokoteni ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeyachemsha lita nne ili ayamwage.

Basi jaribu hivi. Vunja pakiti moja ya tambi, ya gramu 400, vipande vya urefu wa kidole au pungufu. Fungua mikebe miwili ya sadini za mafuta, wala usiyamwage mafuta yake: yamimine katika sufuria, ongeza mengine kama hayatoshi, ukaange tambi kavu kwa moto mdogo huku ukigeuza bila kuacha, kwa kuwa tambi hukaa nyeupe kwa muda mrefu halafu zikaungua zote kwa mara moja. Zikishabadilika rangi, zitoe. Katika mafuta yanayobaki kaanga kitunguu maji na thomu, kisha nyanya ya mkebe, na hapa ndipo watu wengi huharakisha. Nyanya ya mkebe inataka kukaangwa hadi rangi yake iwe nzito na mafuta yajitenge pembeni, la sivyo utakula ukali wake hadi mwisho. Nina hakika baba yako alitumia ya mkebe, kwa sababu mvua za masika huharibu nyanya za shambani na bei yake hupanda. Rudisha tambi, tia maji ya moto kama lita moja, chumvi na pilipili, funika, upunguze moto. Maji yakikaribia kukauka, laza vipande vya samaki juu bila kukoroga, ili visivunjike vikawa uji. Kisha acha sufuria motoni dakika chache zaidi ya zile ambazo moyo wako unakuambia zinatosha. Ukiwa na jiko la gesi, tumia sufuria nyembamba ya bati, kwa sababu sufuria nzito za siku hizi husambaza joto sawasawa na ukoko hautashika pale katikati ulipokuwa ukishika.

Chukuchuku bila nazi

Ndugu mhariri, baba yetu alikuwa mvuvi na alijua kupika kitu kimoja tu: samaki chukuchuku na sima. Uani kwetu palikuwa na minazi mitatu, na mama hakupika mchuzi bila tui, lakini zamu ikiwa ya baba hakuna nazi iliyovunjwa. Mke wangu, ambaye si mtu wa pwani, anasema huo ulikuwa umaskini. Mimi nasema sivyo, ila sina hoja ya kumjibu.
Msomaji wa Mayungu

Mwambie shemeji yetu kwamba mwenye minazi mitatu hakukosa nazi. Alichokosa baba yako ni mahali pa kuitumia pale alipojifunza kupika. Wavuvi wa pwani hii huenda dago: hukaa siku nyingi katika kambi za ufukweni au visiwani, wanaume peke yao, na hupika kwa zamu. Kabla ya kambi kuna safari yenyewe, na chomboni moto huwashwa ndani ya debe au sanduku lililotiwa mchanga ili mbao zisishike. Katika hali hiyo hakuna anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi huku chombo kikiyumba, na hata aliyekuna akakamua, tui lake halimalizi mchana wa joto kabla ya kuchacha. Ndimu hukaa siku nyingi. Chumvi, pilipili kavu na kitunguu hukaa zaidi. Unga wa mahindi hukaa kuliko vyote ukiepushwa na maji. Chukuchuku ni mchuzi uliotengenezwa na kile kinachodumu safarini, pamoja na samaki ambaye hahitaji kudumu kwa kuwa ndiyo kwanza ametolewa majini.

Hapo ndipo ilipo shida ya kuupika nyumbani. Mchuzi wa nazi unaweza kumsitiri samaki aliyelala. Chukuchuku haimsitiri mtu. Ukinunua changu au tasi aliyekaa kwenye barafu siku mbili, hata ufuate kila hatua aliyofuata baba, utapata maji ya moto yenye harufu. Nunua asubuhi, kwenye diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, umwangalie samaki macho na matamvua kabla ya kuuliza bei, na usikubali kichwa kikatwe na kuachwa hapo, kwani utamu wa mchuzi huu uko kichwani.

Maji yachemke kwanza na kitunguu, chumvi, pilipili na nyanya moja ukipenda. Yawe machache, yamfikie samaki mabegani tu, kwa sababu chomboni maji matamu hayakuchezewa, na uchache huo ndio uliofanya mchuzi uwe mzito wa ladha. Mtie samaki, funika, na usiguse kwa mwiko. Ukitaka kumgeuza, shika sufuria kwa vitambaa uitikise. Nyama ikianza kuachana na mfupa, epua, ndipo ukamue ndimu, kwa kuwa ndimu iliyochemshwa sana huacha uchungu. Sima iwe ngumu. Wanawake wa nyumbani kwenu pengine waliicheka sima ya baba kwa ugumu wake, lakini sima laini haichoti mchuzi mwepesi.

Wasomaji wengine wawili wamekumbuka chukuchuku ya papa mkavu, ambayo ndiyo hasa ya wakati wa kusi, samaki wabichi wanapoadimika. Wameuliza jinsi ya kuondoa harufu. Nyama ya papa ina kemikali ya yurea, ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia, na amonia ndiyo ile harufu kali inayopanda puani. Iroweke katika maji ya uvuguvugu, umwage, urudie mara kadhaa, kisha uichemshe kidogo na kumwaga maji hayo pia kabla ya kuanza mapishi yenyewe. Ndimu husaidia. Majirani watakusamehe.

Baba kijana na zamu ya usiku

Mhariri, mimi ni baba wa watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Mke wangu ni muuguzi na huenda zamu ya usiku mara mbili kwa juma. Usiku huo nawanunulia viazi karai au chipsi, na nimeanza kuchoka mimi na mfuko wangu. Sijui kupika. Rafiki zangu wa baraza wananicheka kwa kufikiria tu. Nianze na nini?
Wa Maweni

Kuhusu rafiki zako, waulize ni nani aliyesimamia masufuria katika harusi ya mwisho waliyohudhuria. Mara nyingi atakuwa mwanamume mwenye seruni na mwiko mrefu kama kasia, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu alilipwa. Tuache hilo.

Anza na boflo na mayai. Chukua mkate wa jana, si wa leo, kwa sababu mkate mpya ni laini mno na huvunjika ukilowa, ilhali ule uliokauka kidogo hunywa yai na kubaki na umbo lake. Piga mayai manne na maziwa kidogo, chumvi, kitunguu kilichokatwa sana na dania, uchovye vipande pande zote mbili, uvikaange kwa mafuta kidogo na moto wa wastani hadi yai la ndani liive. Wanaopenda tamu watie sukari na iliki badala ya kitunguu. Chai ya tangawizi, na kazi imekwisha. Ukishaizoea hiyo, nenda kwenye kimanda cha viazi, kisha maharagwe, ambayo unaweza kuyaroweka asubuhi kabla ya kutoka.

Sikushauri uongeze orodha haraka. Katika barua zote nilizosoma mwezi huu, hakuna hata mmoja aliyemkumbuka baba yake kwa vyakula vitano. Wanakumbuka kimoja, viwili wakizidi, na wanakumbuka kwamba kilikuja kwa siku yake: mama akiwa kwa wakwe, mama akiwa ndani ya arobaini, hoteli ikiwa imefungwa. Usiku wa zamu ya mke wako tayari una siku zake. Upe chakula chake, hata kama watoto watalalamika majuma mawili ya mwanzo kwamba chipsi ziko wapi.

Sadini kwenye hitima

Mhariri mpendwa, mwaka wa tatu sasa tangu baba atutoke, na ndugu zangu wanaandaa hitima. Mimi nimependekeza kwamba badala ya pilau tuwape watu boflo na mchuzi wa sadini, chakula ambacho baba alitupikia kila masika na ambacho sisi watoto wake tunakililia. Shangazi zangu wamekasirika, wanasema nataka kumwaibisha marehemu mbele ya watu. Je, kuna ubaya gani?
Mwana wa Barani

Ubaya wa kidini siuoni, kwa kuwa pilau ni ada yetu tu, na chakula cha sadaka hakikuwekewa aina. Hata hivyo ninasimama upande wa shangazi zako, ingawa si kwa sababu waliyoitaja wao.

Watu watakaokuja kumsomea baba yako hawana kumbukumbu ya sadini zake. Wao walimjua msikitini, kazini, barazani. Ukiwawekea boflo na mchuzi wa mkebe utalazimika kumweleza kila mmoja kisa chake, na atakayekosa kusikia atakwenda nyumbani akidhani mmefilisika. Isitoshe, chakula hiki hakikui. Mchuzi wa sadini wa watu sita hupikwa kwa dakika kumi na huliwa ukiwa wa moto. Wa watu mia utakuwa umevunjikavunjika na kupoa kabla ya sahani ya kumi, na ukipiga hesabu ya mikebe huenda ukakuta pilau ni nafuu zaidi, jambo ambalo marehemu, kama alikuwa baba wa kawaida wa Malindi, angelisema mwenyewe kwa sauti.

Pikeni pilau mchana. Jioni, wageni wakishaondoka na masufuria yakiwa yameoshwa, wakusanye ndugu zako na shangazi wote, ukaange vitunguu vyako. Na mwulize shangazi mkubwa baba alijifunzia wapi mchuzi ule. Katika barua za mwezi huu, watoto walioandika kwamba hawajui jibu la swali hilo ni wengi kuliko wanaolijua, na wenye kulijua ni dada na kaka za marehemu, ambao umri wao unakwenda.

Wali mwiku wa daku

Baba alikuwa akituamsha kwa daku kwa wali mwiku aliokaanga na vitunguu na mayai. Daktari ameniambia wali uliolala ni hatari. Mbona sisi hatukuugua?
Msomaji wa Mambrui

Daktari wako amesema kweli, na pengine mliugua mkasema ni baridi ya masika. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kupikwa kwa kawaida. Wali ukibaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka na kuzaana, na mojawapo ya sumu wanazotoa haiondoki hata ukiukaanga wali hadi ukauke. Kwa hiyo moto wa alfajiri hautoshi. Kinachosaidia ni kile kilichofanywa usiku: wali wa futari uliobaki utandazwe kwenye sinia mara moja ili upoe upesi, kisha uingie kwenye friji mapema, usiachwe sufuriani chini ya kawa hadi daku. Asiye na friji apike wa kutosha usiku huo tu. Kwa kukaanga, chukua wali mweupe uliotoka kwenye baridi, kwa kuwa punje zake zimeachana, tia kitunguu kwanza hadi kiwe chekundu, wali, kisha mayai mwishoni. Wali wa nazi usiuweke kabisa, kwani tui huchacha hata kabla ya wali wenyewe kuharibika.